Sauti ya Papa Kabange Niliyoinyoosha

Vijana wangu wa Kamina, nyinyi mnaobisha mlangoni kwangu na kompyuta mgongoni mkiniuliza, "Papa Ilunga, logiciel gani iko ya muzuri ya kurekodi ku nyumba?", leo nitawajibu. Siku zote nimewajibu nusu. Nawaambia chukueni programu hii, acheni ile, nawapa chai, mnakwenda zenu. Nusu ya pili naimeza, maana ndani yake kuna jina la mtu niliyemchafua, na kila nikitaka kulitaja ulimi unakuwa mzito.

Nilirekodi kwaya na wanamuziki kwa miaka mingi, katika chumba kimoja cha nyumba yangu hapa mtaa wa watu wa reli. Sasa nimestaafu. Sikio la kushoto limekwenda, la kulia linafanya kazi likipenda. Nitaandika kwa Kiswahili cha shule ya misheni kama nilivyofundishwa, lakini watu wakisema nitawaacha waseme kama tunavyosema hapa kwetu.

Aliyenitia kazini ni Mwalimu Banza, kiongozi wa kwaya ya kanisa letu, wakati wa kaseti. Mambo ya mashine hakuyajua hata kidogo. Alichojua ni kunifunga kitambaa machoni, kumsimamisha mwimbaji mmoja katikati ya chumba, na kunizungusha mpaka nimwambie sauti inasikika vizuri wapi. Nikikosea, kidole chake kilinigonga kisogoni.

"Apa sauti iko mifupa tupu," alisema. "Tafuta fasi iko na nyama."

Nilikuwa nikicheka moyoni nikisema mzee huyu amechanganyikiwa. Hakuchanganyikiwa. Mpaka leo sijaona programu inayoweza kurudisha nyama kama maikrofoni iliwekwa pabaya. Kwa hiyo kabla ya kuniuliza habari ya programu, nendeni kwanza mtundike magodoro ukutani, mfukuze kuku uani, mwangalie mbingu. Mvua ikianza kupiga bati, hata kwaya ya watu arobaini inashindwa, mimi nimeshuhudia.

Kompyuta ilipokuja, programu yangu ya kwanza ilikuwa ya bure. Dirisha moja, kitufe chekundu kimoja, na mstari wa sauti unaotembea kama kiwavi. Unarekodi, unakata kikohozi, unahifadhi, basi. Ilifunguka haraka hata kwenye mashine yangu kongwe, na umeme ukikatika ilikuwa imeshika karibu kila kitu. Kwaya zote za hapa zilitosheka nayo. Ningebaki hapo leo ningekuwa mzee mwenye amani.

Siku moja akaja mwanamuziki kutoka Lubumbashi, kijana wa miwani myeusi, akaangalia kioo cha kompyuta yangu akatabasamu.

"Vieux, ungali unatumika na ii ya batoto?"

Ya watoto! Mbele ya wateja! Neno lile lilinichoma kuliko tusi. Yeye alikuwa na programu yake kwenye ufunguo wa USB, ya wizi, iliyovunjwa kufuli. Alipoifungua, kioo kizima kilijaa vitufe na taa kama chumba cha dereva wa lokomotivu. Nusu yake sikuielewa, na kwa sababu sikuielewa nikaona lazima itakuwa nzuri. Nikamwomba anigawie. Hivyo ndivyo nilivyochagua, vijana wangu, na bado mnaniita mtaalamu.

Kwa nini nasema ya wizi inauma? Sikilizeni. Nilikwenda Base, kule kambi ya jeshi, kurekodi kwaya ya wake za askari. Akina mama wamevaa sare, wameimba wimbo wa kwanza mpaka nywele zinasimama. Ninageuka kwenye kioo, kimeganda. Maandishi ya Kiingereza yananiambia sijui nini kuhusu leseni. Nikaona aibu kusema ukweli. Nikawaambia, "Bamama, ile ilikuwa répétition, mazoezi tu. Sasa tunaanza."

Wakaimba tena, ikaganda tena. Nikasema ile nayo ilikuwa répétition. Mara ya tano mama mmoja mnene wa sauti ya chini akaweka mikono kiunoni. "Papa, iyo masini yako njo inafanya répétition, hapana siye!" Walicheka mpaka askari wa lindo wakaja kuona kuna nini. Nami nikacheka nao, lakini kumbukeni jambo hili: uongo wangu wa kwanza kwa ajili ya programu ile niliusema siku hiyo, na ulitoka kirahisi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Programu ile kubwa ilikuwa na kitu cha kunyoosha sauti. Mtu akiimba juu kidogo, inamshusha. Akiimba chini, inampandisha. Tena ilikuwa na kitu cha kupanga mapigo: kila neno linasukumwa likae sawa na ile ti-ti-ti ya metronomu. Waimbaji wa mjini walikipenda sana. Msichana asiyeshika noti alitoka kwangu akiwa malaika. Nikawa nanyoosha kila mtu, nikasahau kwamba wengine hawakuja wamepinda.

Papa Kabange alikuwa mstaafu wa reli. Yeye alikuwa mwimbishaji wa ekipi ya njia. Nyinyi hamjui kazi hiyo, nitawaeleza. Wanaume sita wanataka kuinua reli ya chuma kwa mitaimbo. Kama hawainui pamoja, chuma kinamrudi mmoja na kumvunja mguu. Kwa hiyo mtu mmoja anaimba, wenzake wanamwitikia, na mwisho anatoa neno moja la kuinulia. Hilo ndilo linalowapa wote nguvu kwa wakati mmoja. Kabange alifanya hivyo maisha yake yote ya kazi, na katika ekipi yake hakuna aliyewahi kuvunjika mguu. Mjini kila mtu alilijua hilo. Ndilo lililokuwa jina lake.

Alikuja kwangu alasiri moja, kofia mkononi, pamoja na mkewe Mama Numbi. Alikuwa amekonda. Daktari alikuwa amemwambia asipange mambo ya mbali.

"Papa Ilunga," alisema, "siku nitakufa, bale bandugu ba ekipi njo batabeba sanduku yangu. Minyi nilibaimbisha miaka yote. Sitaki muntu mwengine abaimbishe siku ile. Minataka minyi mwenyewe nibaimbishe. Unishikie sauti."

Nilimsimamisha mahali penye nyama. Akakohoa, akafunga macho, akaanza.

"Aaa, bantu ba njia!"

Akanyamaza, akiwaachia nafasi wenzake ambao hawakuwepo. Nilikaribia kuwasikia wakiitikia "Eyo!"

"Chuma iko na baridi!"

Tena kimya. Kila mara alipanda kidogo, sauti ikikaza. Kisha kimya kirefu kuliko vyote, kirefu mno, mpaka nikadhani amesahau. Ndipo akatoa neno lenyewe: "Hiii!"

Huko nje mke wangu, aliyekuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, aliacha mchi hewani. Alikuja dirishani na kusema, "Uyu papa anaweza kuinua hata nyumba."

Nilimuuliza Kabange kwa nini alikawia pale mwisho. Akaniangalia kama mtu anayenionea huruma.

"Reli haiinuke na mikono, Papa Ilunga. Inainuka na pumuzi. Minangoja pumuzi ya kila muntu iingie. Na ule muzaifu kupita bote njo minamungoja wa mwisho."

Hivyo aliniambia, kwa kinywa chake, katika chumba changu. Sina pa kujificha, niliambiwa.

Walipoondoka nikafungua programu yangu ya maana. Kwenye kioo sauti ya Kabange ilionekana mbovu kabisa. Noti zinapanda bila ruhusa, hakuna pigo hata moja lililokaa kwenye mstari, na mwisho pengo kubwa kama jino lililong'oka. Nikaangalia kwa macho kitu ambacho Mwalimu Banza alinifundisha kusikiliza nikiwa nimefungwa macho. Nikasema, watu watasikia hii kilioni na kusema studio ya Ilunga inarekodi wazee waliopotea. Nikamnyoosha. Nikashusha pale alipopanda, nikasukuma kila neno kwenye ti-ti-ti, nikafupisha lile pengo la mwisho. Halafu nikafuta ile mbichi. Diski ilikuwa karibu kujaa, ndiyo, lakini kuna vitu vingine vingi ningeweza kufuta. Niliifuta kwa sababu niliionea haya.

Baada ya siku tatu Kabange alikuja kusikiliza. Aliinamisha kichwa karibu na bafle, spika yangu kubwa. Ilipokwisha aliinua kichwa.

"Iko propre, iko safi," alisema polepole. "Lakini... pumuzi yabo itaingia wapi?"

"Papa, sasa ni hivi wanavyofanya," nikamjibu. "Kompyuta imepanga yote."

"Nirudilie tena? Ningali na nguvu ya mara moja."

Vijana, alinipa nafasi! Mtu anayekufa alijitolea kuimba upya, na mimi nikamwambia hapana, haina haja, papa, pumzika. Akavaa kofia yake. "Basi. Minyi niko muntu ya chuma. Weye njo unayua bya bamasini." Akaniamini, akaenda nyumbani kufa.

Kilioni walikuja wenzake sita wa ekipi. Mbele kabisa alisimama Papa Monga, rafiki yake, mzee wa mabega mapana. Ilikuwa asubuhi, uani kwa marehemu, na watu walijaa mpaka barabarani kwa kuwa habari ilikuwa imeenea: Kabange anawaimbisha wenzake mara ya mwisho. Niliweka bafle karibu na mlango. Wazee wakashika sanduku, watatu kulia, watatu kushoto. Mama Numbi aliketi mkekani na akina mama, akiutazama mlango kama mtu anayemngoja mumewe atoke kazini. Nikabonyeza.

"Aaa, bantu ba njia!"

Sauti ilikuwa safi kama sahani iliyosuguliwa. Wazee wakaitikia "Eyo!", lakini sauti haikuwangoja, ilikuwa imekwisha kusema neno la pili. Wakaitikia tena, wamechelewa tena. Nikaona wanaangaliana. Kisha likaja "Hiii!", sawasawa kwenye ti-ti-ti, wakati watatu wamevuta pumzi na watatu bado.

Upande wa kulia ukainuka. Wa kushoto ukabaki chini. Sanduku likalala ubavu, kitambaa kikateleza, na sote tukasikia mwili ukigonga ubao ndani. Wanawake wakapiga kelele. Papa Monga akaweka goti chini ya sanduku lisianguke, na goti lile linamsumbua mpaka leo. Wakalishusha. Mtu akasema rudisha, pengine hatukusikia vizuri. Nikarudisha. Ikawa vilevile.

"Zima iyo kintu," Papa Monga alisema.

Wakambeba bila wimbo, kila mmoja akijihesabia mwenyewe, wakikanyagana. Kabla ya kutoka uani Papa Monga alinigeukia, jasho likimtiririka. "Ilunga, Kabange alifanya nini?"

Hapo ningeweza kusema. Neno moja tu, "ni mimi." Mdomo wangu ukafunguka, na nikausikia ukisema, "Siku tulirekodi alikuwa mugonjwa. Alishapoteza mesure, hakushika mapigo tena."

Watu wakatikisa vichwa. Maskini, ugonjwa. Mama Numbi akainuka mkekani, akapiga magoti mbele ya wanaume wale sita, akawapigia makofi ya heshima. "Mumusamehe bwana yangu. Alichoka." Akanigeukia na mimi, macho yakiwa mekundu. "Pardon, Papa Ilunga. Alikupatia kazi ya bure."

Nikamwambia haidhuru, mama. Haidhuru! Nikikumbuka neno hilo nataka kujipiga kofi.

Tangu siku hiyo, kila tulipokutana kanisani au njiani, aliniomba radhi. Kila mara. Anasalimia, anauliza habari ya mke wangu, kisha anashusha sauti: "Na ile mambo ya Kabange, utusamehe." Nilianza kupita njia ya nyuma, nikihesabu benchi kanisani ili nikae mbali naye. Niliiondoa programu ile kubwa nikarudi kwenye ya watoto, nikajiambia nimekwisha kutubu. Kumbe nilikuwa nimebadilisha vitufe tu.

Kisha mji ukafanya mzaha. Mtu akiharibu jambo lake mwenyewe, vijana wanasema, "Amejiimbisha kama Kabange." Nyinyi wenyewe mmeusema mzaha huo nyumbani kwangu, mkinywa chai yangu, nami nikatabasamu. Hamkujua Kabange alikuwa nani, mlidhani ni jina la hadithi.

Siku moja nilikuwa sokoni, mahali wanapouza mahindi yanayotoka Kaniama. Wanaume wawili walikuwa wakishusha gunia kwenye baiskeli, likawaponyoka likapasuka. Muuzaji akapaza sauti, "Ona bale! Banabeba kama sanduku ya Kabange!" Soko zima likacheka. Nikageuka, na Mama Numbi alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu, kikapu kichwani. Alikuwa akicheka pia, kidogo, mkono umefunika mdomo, namna mtu anavyocheka ili asionekane. Akasema peke yake, "Alichoka tu."

Sikulala vizuri. Asubuhi nilikwenda kwake. Alikuwa akichagua maharagwe kwenye ungo. Nilimwambia yote, nikiwa nimesimama, maana aliponipa kiti sikuweza kukikalia. Hakunikatiza. Vidole vyake viliendelea kutupa mawe pembeni mpaka nilipofika mahali Kabange alipouliza arudie. Hapo vikasimama.

"Alikuambia arudilie?"

"Ndiyo, mama."

"Alikuwa na nguvu?"

"Alikuwa nayo."

"Na ile ya kwanza, mbele ya masini kuigusa. Ilikuwa muzuri?"

"Ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote nilichorekodi."

Aliweka ungo chini. Nilingoja anitukane. Ningefurahi.

"Minyi nilikuwa naenda ku malalo, ku kaburi yake, kumugombeza," alisema. "Minamuambia, Kabange, juu ya nini ulinipatisha haya mbele ya bantu? Mara mingi, Papa Ilunga. Minalima majani huku minamugombeza. Nilimugombeza muntu yangu juu ya kosa yako."

Nikalia, na machozi ya mzee hayana faida kwa mtu. Hakunibembeleza. Alisema tu, "Siku ya posho unakuja na jembe. Nitaita Monga na bale babili banabakia."

Jumamosi hiyo tulikuwa watano makaburini. Kaburi la Kabange lina msalaba wa vipande vya reli ambao wenzake walimchomelea, na mvua zilikuwa zimeulaza upande. Nililima majani yote peke yangu huku wao wakiangalia. Nilipomaliza Mama Numbi akasema, "Sasa sema. Sauti munene, chuma kilimuharibisha masikio."

Nikasema. Mbele ya Papa Monga na goti lake, mbele ya wale wawili, nikamwambia Kabange kwamba hakupoteza mesure, niliyepoteza ni mimi, na nilimsingizia akiwa hawezi kujibu.  Papa Monga alitema mate pembeni, akachukua mtaimbo, akauchomeka chini ya msalaba. Wale wawili wakashika yao. Mtaimbo wa nne Monga akanisukumia mimi kwa mguu.

Tulijaribu mara moja, kila mtu na wakati wake. Haukutikisika. Tulijaribu tena.

Ndipo nyuma yetu mtu akakohoa. Mama Numbi alikuwa amefunga macho.

"Aaa, bantu ba njia!"

"Eyo!" Ilitutoka wenyewe.

"Chuma iko na baridi!"

"Eyo!"

Alikuwa akipanda palepale mumewe alipopanda. Miaka yote ile alikuwa amemsikia nyumbani akiimba huku ananawa. Kisha akanyamaza. Kimya kile, kile nilichokikata! Nikasikia pumzi ya Monga ikiingia, pumzi ya wa pili, ya wa tatu. Yangu ilikuwa imebanwa na kilio, haikutaka kuingia. Akaningoja. Ilipoingia tu, akasema, "Hiii!" na msalaba ukasimama wima.

Tulipokuwa tukikusanya vyombo aliniita kando. "Kesho mwisho wa ibada unakuya na masini. Ile ya batoto. Utanirekodi, bajukuu babakie nayo." Akaninyooshea kidole usoni. "Na usiguse."

Mama Numbi haniombi tena radhi. Wala hajaniambia kama amenisamehe, na mimi sijathubutu kuuliza. Lakini rekodi ipo, nimeweka nakala tatu, na kijana yeyote atakayekuja kuniuliza habari ya programu ataisikiliza kwanza akiwa amefungwa kitambaa machoni. Inaanza na kikohozi chake. Hata hicho sikukikata.